Kikombe cha Sajini kwa Pande Tatu

Enzi zetu pale Garissa, miaka ya vita vya shifta, askari walipoweka vizuizi kila njia, mtu mwenye akili hakutembea na karatasi iliyokunjwa, kwa kuwa iliitisha maswali. Sisi wanafunzi wa somo la michoro tulibeba karatasi kubwa kuliko zote mjini.

Mwalimu wetu, bwana mpole kutoka bara, alitupatia mchoro wa isometriki, yaani kitu kilichoinamishwa kikaonyesha nyuso tatu kwa pamoja, nasi tukautandaza kuwa michoro mitatu: wa mbele, wa juu na wa ubavuni. Kingo zilizojificha ndani tulizichora kwa mistari ya vipandevipande. Penseli tulizichonga kwa wembe. Raba zilipoadimika, tulifuta makosa kwa vidonge vya anjera, mkate wetu laini wa unga uliochachuka, na daftari zetu zikanuka uchachu muhula mzima.

Jumamosi moja nilikuwa nikimpelekea mwalimu kazi ya mwisho, ambayo kwayo angeamua nani ampendekeze kwenda shule ya ufundi. Nilikuwa nimechora kengele ya mti, ile avaayo ngamia shingoni. Kwenye kizuizi cha njiani, sajini akaikunjua.

“Nyumba tatu,” alisema. “Ziko wapi?”

“Si nyumba, afande. Ni kengele moja.”

“Kengele moja mara tatu! Na hii mistari ya kukatikakatika?”

Nami, kwa ukweli wa kipumbavu wa miaka kumi na mitatu, nikajibu, “Hiyo huonyesha vitu vilivyofichwa.”

Mama yangu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni na chombo chake cha maziwa. “Hooyo,” alininong'oneza, kwani kwetu Wasomali mama humwita mwanawe kwa cheo chake mwenyewe, yaani ‘mama’, “funga mdomo.”

Sajini akaweka kikombe chake cha bati juu ya gunia la mchanga. “Chora hiki hivyo hivyo. Ukishindwa, utalala hapa na kengele zako.”

Nilikizunguka mara mbili. “Afande, mbele yake ni wapi?”

“Kikombe kina mbele?”

“Lazima uchague.”

Akatafakari kama mtu anayechagua mchumba, kisha akaelekeza kidole upande ambao mkono wa kikombe ulionekana kama sikio. Nilichora pande zote tatu. Alipoitazama kazi, uso ulimkunjamana.

“Chai yangu iko wapi?”

Nikaongeza mstari wa vipandevipande katikati ya kikombe. Akachungulia kikombe, akachungulia karatasi.

“Pandisha kidogo. Sijanywa sana.”

Niliupandisha. Alicheka hadi mikanda ikalia. Akatia kikombe cha karatasi mfukoni, akanirudishia kengele yangu, lakini kwanza akaiandikia kwa wino, katikati kabisa ya mwonekano wa mbele: IMEKAGULIWA. Mwalimu alinikata alama mbili kwa uchafu, ila jina alilolipeleka lilikuwa langu.

Leo wajukuu zangu huzungusha umbo lolote kwa kidole juu ya kioo cha simu. “Awoowe, si hii inajichora yenyewe!” huniambia mdogo wao, akinihurumia. Nakiri kwamba mistari yake imenyooka kuliko yetu. Lakini nikimwuliza upande asiouona ukoje, hubonyeza kwanza ndipo anijibu. Sisi jibu tulitoka nalo nyumbani. Nami humwacha abonyeze apendavyo. Alhamdulillahi, hakuna sajini anayemngoja njiani.