Themostati ya Gari la Mzee Hashim

Fundi Kombe Tinga ana miaka thelathini na mmoja chini ya magari ya watu pale Changamwe, na kwa miaka yote hiyo gari likipita mikononi mwake halitoki na themostati. Ni kidude kidogo, chaenea kiganjani. Kazi yake ni kuyazuia maji mpaka injini ipate joto, kisha kuyafungulia yaende kupoa kwenye rejeta. Kombe hakukiamini hata kidogo. "Hiki ni cha nchi za theluji," husema. "Sisi joto tumepewa bure." Basi hukitoa, akafunga, gari likaenda zake. Mafundi wengi wa Pwani hufanya vivyo hivyo na magari mengi huvumilia, kwa hiyo nani angemkosoa? Watu walimwita Daktari, naye akaitika kwa sauti.

Gari la mzee Hashim lilikuwa la namna nyingine. Hashim ni mhandisi mstaafu wa bandarini, anakaa Port Reitz, na kipenzi chake ni Toyota MR2 aliyoitunza miaka ishirini: kigari cha viti viwili, chepesi, kilo elfu moja na ushei, paa lake turubai la kukunja. Jumatatu moja alikileta kifanyiwe huduma. Kombe akafungua boneti mbele ya kadamnasi, akakuta tairi la akiba. Akacheka kama aliyekuwa akitania. Hakuna aliyedanganyika.

"Injini iko katikati, baba, nyuma ya viti," Kache alisema taratibu.

Kache alikuwa fundi mwenzake, mwanamke wa Mjambere aliyesomea ufundi chuoni, mwaka wa tatu sasa wakifanya kazi pamoja. Kila asubuhi humwamkia Kombe shikamoo kabla ya kugusa spana. Hashim alipomuuliza anayajua vipi magari haya, akaeleza bila maringo: toleo la kwanza lilikuwa na pembepembe na taa za kuchomoza, injini ya elfu moja na mia sita, la pili likanenepa, likaja na elfu mbili, mengine yakatiwa tabo ya kuongeza nguvu, na hili la tatu wakalipunguza uzito tena, elfu moja na mia nane, mengine hata pedali ya klachi hayana.

"Na kwa kuwa rejeta iko mbele na injini iko nyuma," akaendelea, "maji yanasafiri kwa mabomba marefu chini ya gari. Lazima hewa itolewe yote. Na themostati isiguswe. Ikiondolewa, maji yatapita njia ya mkato, yarudi injini bila kufika rejeta."

Hashim alifurahi kama aliyeona mjukuu wake kafaulu. "Mwanangu, karakana ya mitambo kule bandarini wanatafuta fundi. Ijumaa nawaandikia barua. Jina litakuwa lako."

Kombe alisikia kila neno, na moyo wake ukaingia mchanga. Yeye Daktari afundishwe injini iko wapi! Kache akajaza maji, akatoa hewa, akahangaika asubuhi nzima. Alipokwenda kula, Kombe akafungua, akatoa themostati, akajaza maji upya na kufunga. Hakuwa na nia mbaya, kwa hilo nitamtetea. Alitaka tu mkono wake uwepo katika kazi ile. Lakini kiburi hakihitaji nia mbaya.

Jumatano gari lilirudi limevutwa kwa kamba. Lilichemka njiani Mazeras, gasketi ikaungua, silinda hedi, kichwa cha injini, ikapinda. Hashim alisimama kando yake, kofia mkononi.

"Nani alijaza maji?" aliuliza.

Kombe akajibu, "Maji alijaza Kache."

Kila neno lilikuwa kweli, na jibu zima lilikuwa uongo.

Kache alikuwa keshafungua pale pa themostati. Akatazama tundu tupu, kisha akamtazama Kombe. Kwao mtu mzima haumbuliwi mbele ya watu. Akafunga kifuniko, akasema, "Nisamehe, mzee Hashim." Jioni ile alifungasha spana zake.

Siku zilizofuata Kombe hakuonja usingizi wala chakula. Mkewe Velma alimuuliza anaumwa nini, akasema tumbo. Alhamisi alijiambia atakwenda kesho. Ijumaa alifika mpaka lango la Hashim, akamwona barazani na karatasi na kalamu, akageuka. Aliona haya, na haya ikamshinda nguvu. Jumapili kanisani alisimama kusoma Neno kama kawaida yake ya mzee wa kanisa, akafunga Biblia katikati ya mstari, akarudi kuketi. Waumini wakadhani ameguswa na Roho.

Jumatatu alikwenda kweli. "Themostati nilitoa mimi," alimwambia Hashim, hata kiti hajakaribishwa. "Kache alinionya. Hana kosa."

"Niliandika jina la mtu mwingine, Kombe. Ameanza kazi leo asubuhi."

"Haiwezi kubadilishwa?"

"Kwa lipi? Huyo aliyeanza kazi amekosa nini?"

Kombe akafunga safari hadi Kisauni, alikosikia Kache sasa anafanya kazi. Alimkuta Kache kwenye gereji ya kando ya barabara, amelala chini ya lori. Mafundi wanne walikuwapo. Akasema yote mbele yao, kidude na kiburi na lile jibu lake, jasho likimtiririka.

Kache alitoka uvunguni, akafuta mikono.

"Umemwambia lini mzee Hashim?"

"Leo."

"Barua ilikuwa Ijumaa."

"Ndiyo."

Kombe alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Angeyapokea kwa shukrani, hata kofi. Kache aliinama, akaokota kiti cha plastiki, akakipangusa vumbi kwa kitambaa safi na kukiweka kivulini.

"Shikamoo, baba," akasema. "Keti, umetoka mbali."

Kisha akarudi chini ya lori. Kombe alibaki amesimama, ameshika kiegemeo cha kile kiti, mafundi wanne wakimtazama, na hakuweza kukikalia.