Tangi la Nne la Boti ya Navin

Inderjit alikuwa na karakana yake Kabiria, Nairobi, na miaka yote niliyomchomelea vyuma sikuona tangi likitoka bila yeye kulikagua. Mimi nilijaza upepo, yeye akapaka povu la sabuni kwenye kila mshono, pua karibu iguse chuma. Kipovu kikifura, pana tundu. Nilimpenda yule mzee, ndiyo maana maneno haya yananichoma.

Mwaka 1987 tajiri mmoja wa mtaa wa Karen, Navin, alituletea shida ya boti yake ya starehe iliyokuwa Kilifi. Matangi yake mawili ya dizeli yalikuwa yameliwa na kutu. Fundi wa kule alitaka kung'oa injini na kupasua sakafu ya juu ndipo ayatoe, kazi ya pesa za kichaa. Inderjit alicheka. Tukashuka Kilifi, tukayaosha matangi mpaka harufu ikaisha, tukayakata vipande mle mle ndani kwa msumeno wa mkono, tukavipitisha kwenye mlango mdogo. Mahali pake akaamua tuweke matangi manne madogo yatakayopita mlango ule ule, yaunganishwe kwa mabomba ya mpira. Mzee huyu aliuhurumia mfuko wa kila mteja, hata wa tajiri.

Matangi tuliyachomelea Nairobi. Jumamosi ya ukaguzi nilikuwa nimemwahidi mchumba wangu, Wangui, kumpeleka kwenye maonyesho ya kilimo, uwanja wa Jamhuri. Ilikuwa siku ya mwisho, na saa nane imeshapita. Inderjit alipomaliza tangi la tatu, simu ikalia ofisini. Alikaa huko sana. Aliporudi, aliyatazama matangi, sabuni imetapakaa kila mahali.

"Hii ya nne mimi nimepima?"

"Umepima, mzee. Iko sawa."

"Sure?"

"Sure kabisa. Umesahau tu."

Akaguna, akaenda kunawa mikono. Jamhuri nilimnunulia Wangui aiskrimu, mjinga mimi, nikijiona mjanja.

Miezi miwili baadaye Navin aliingia karakanani akifoka. Tangi la nne lilikuwa limevuja kwenye mshono, dizeli ikamwagika, injini ikazimika baharini na watoto wake wako ndani. Boti nyingine ndiyo iliyowavuta hadi nchi kavu. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini Inderjit akanitangulia.

"Navin bhai, mimi nimepima mwenyewe. Sasa macho yangu imekwisha."

Nikafunga mdomo wangu.

Tangi jipya alinifanya mimi nilikague, na yaliyofuata yote pia. Aliacha kuendesha gari. Daktari wa mjini alimpima akamwambia macho yake ni mazima kuliko ya wenzake wa umri ule. Inderjit alirudi akisema daktari anamtia moyo tu. Mwanamume aliyekuwa akiona tundu dogo kuliko ncha ya sindano akaanza kunishika mkono kuvuka barabara. Nami nikamvusha, miaka minane.

Alifariki mwaka 1995. Siku ya kumuaga, mkewe, Tara, alinitafuta katikati ya watu, akanishika mikono yote miwili.

"Asante, Mungai. Miaka yote hii wewe ndiyo macho yake."

"Karibu, mama," nikamjibu.