Kichwa cha Mkondo

Mama Fagio hakuwa na fagio. Kazini walimpachika jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kufagia mawimbi ya redio yanayonaswa na madishi makubwa kule nje. Akiona kelele za simu au setilaiti anafuta, wataalamu wa nyota wabakiwe na mawimbi ya angani tu. Na alijivunia mkono wake, tusifichane.

Asubuhi moja aliingia binti mtafiti, ambaye Mama Fagio ndiye aliyempokea kazini, binti akiwa hajui hata kuwasha mitambo. Alishika picha ya nyota changa inayotema mkondo wa gesi. Mkondo ulienda, ukaenda, halafu ukafifia hivi hivi.

"Mama, mbona hauna kichwa? Gesi inayokimbia namna hii lazima igonge ile gesi iliyotanda kati ya nyota. Ikigonga inarundikana, inapata moto, inang'aa. Hapa kimya. Na kesho nawasilisha kazi yangu ya miaka mitatu."

Loo, Mama Fagio akakumbuka. Doa lilikuwepo pale mwisho wa mkondo, tena angavu mno. Yeye akadhani ni setilaiti, akalifutilia mbali.

"Mwanangu, nimekuharibia," alisema, na wala hakujitetea.

Data ghafi, zile ambazo hazijafagiwa, zilikuwa kwenye diski chumba cha chini, na diski hufutwa kila Ijumaa zitumike tena. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mfutaji ni kaka mmoja mvivu kupindukia, mtu wa kuahirisha hata miayo, na Mama Fagio alishamsema sana. Aliteremka ngazi mbio.

Kaka yule alipomwona akainamisha kichwa. "Dada, najua umekuja kunigombeza. Za Ijumaa sijazigusa. Nilisema nikimaliza chai tu..."

Mama Fagio alijibwaga sakafuni, akacheka huku machozi yanamtoka. Uvivu mtamu jamani! Kaka wa watu akabaki ameduwaa na kikombe chake.

Jioni picha ilitoka upya. Mwisho wa mkondo paliwaka, na gesi iliyogongwa ilisukumwa pembeni pande zote. Binti aliitazama, akashusha pumzi ndefu. Kisha akasogeza diski nyingine mezani.

"Hizi za jana, Mama. Nisafishie."

"Mpe mwingine, mwanangu."

"Nimekuletea wewe."

Mama Fagio akapangusa macho kwa kanga, akavuta kiti.