Alama ya Mtungi kwenye Ngazi ya Tatu

Kwa miaka kumi na moja meza yangu ya kazi imekuwa hatua sita kutoka kioski cha maji cha mtaa wetu. Natengeneza mizani na cherehani. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, kitabu kimoja baada ya kingine, na kila ninachosoma nakiandikia muhtasari kwenye daftari. Sifa hiyo ndogo ndiyo iliyonifikisha mbele ya baraza la mji, na ndiyo iliyomkosesha mama mkwe wangu bomba.

Mimi na mama mkwe hatukutani. Hakuna ugomvi, ndiyo heshima yetu. Nikimwona anakuja, naingia kwenye duka lolote lililo karibu, hata la vitenge. Akiniona yeye kwanza, anavuta kanga usoni, anageuka na kutazama mawe mpaka nipite. Nina miaka ishirini na sita ya ndoa na sijawahi kula naye wala kumpa mkono. Tunapendana, naamini, lakini kwa mbali.

Mzee wake alipofariki, alihama Kisaka alikoolewa akarudi mji wa kwao, kukaa kwenye nyumba ya kitinda mimba wake, anayefanya kazi machimboni Nyamongo na kurudi mara chache. Nyumba hiyo iko mtaa wa juu, na bomba la mji linaishia kwetu, kwenye kioski. Maji ya karibu naye kwa hiyo yako hatua sita kutoka kwa mkwe wake. Kila asubuhi alikuwa anakipita kioski kwa nyuma, kwa njia ya mawe, anashuka mpaka kijitoni na ndoo ya lita kumi, kisha anapanda nayo. Umri wake unapita sabini na goti lake la kushoto halikunjiki vizuri.

Mke wangu alijaribu kumpelekea maji. Mama yake aliipokea ndoo, akashukuru, akaimwaga yote kwenye shina la mpapai.

"Ng'ombe zililetwa ili uchote maji kwa mume wako," alimwambia. "Mimi sijazirudisha."

Nikasema basi nihamishe meza. Mke wangu akatikisa kichwa. "Atajua umehama kwa ajili yake. Akijua amemfukuza mkwe kwenye kazi yake, hata huko kijitoni hataonekana. Atakunywa umande."

Hivyo matumaini yetu yote yalikuwa kwenye bomba la mtaa wa juu.

Bomba lilipokaribia kuja, likakuta jengo. Juu kidogo ya kioski, mahali palipoinuka kuliko pote mjini, kuna jengo la baraza la enzi za mkoloni: kuta za mawe, madirisha sita ya mbao, ngazi tano za simenti zinazotazama kioski, na chumba kimoja cha nyuma chenye mlango mnene ambacho kila mtu anajua kilikuwa cha nini. Tangu nipate akili limekuwa ghala la madawati yaliyovunjika. Injinia wa maji, kijana mpole mwenye buti safi, aliwaeleza madiwani kwamba tenki linatakiwa likae hapo hapo na bomba lipite hapo hapo. Kuzunguka kunamaanisha kupasua mwamba, na kupasua mwamba kunamaanisha kusubiri.

Mpaka siku hiyo sikuwahi kumsikia diwani akilitaja jengo lile. Lilipotakiwa kuvunjwa likawa urithi.

Kamati ilikuja kulitembelea saa nne asubuhi. Waliletewa chai na mihogo ya kuchemsha, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta, na mimi mezani kwangu nikasikia kila neno.

"Hapa ndipo babu zetu walipofungwa kwa kukataa kulima mihogo," alisema diwani mmoja mfupi, huku akichukua kipande. "Leo tuvunje? Historia itatuuliza."

"Wa kwanza kufungwa alikuwa babu yangu," alisema mwenzake mwenye koti.

"Mheshimiwa, babu yako alifungwa wa pili. Wa kwanza wetu. Wako alikuja kumletea chakula, akashikwa."

"Alishikwa kwa sababu alimtukana karani. Wako alishikwa amelala."

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba afute kauli. Babu yangu hakulala."

Mwenyekiti, mtu mnene anayesikiliza huku amefumba macho, alisema suala la nani alifungwa kwanza liundiwe kamati ndogo. Mihogo ikaisha. Injinia aliuliza kwa adabu kama anaweza kupima kimo. Akaambiwa asiingilie mjadala wa urithi.

Afisa utamaduni alikuwa na fomu. Iliuliza: Je, jengo lina thamani ya kihistoria? Chini yake: Ikiwa ndiyo, eleza nani alijenga, na uthibitisho. Yeye alikuwa na miezi miwili tu tangu ahamishiwe kwetu, na alikuwa bado anapotea njia ya kwenda sokoni. Alitazama huku na huku, akaona daftari langu.

"Mzee, wewe unaandika nini hapo?"

Ndivyo nilivyopewa kazi ya kuandika historia ya jengo, bila barua, kwa wiki tatu.

Niliifanya kwa utaratibu wangu. Nilianza na kupima. Urefu wa kuta, unene, idadi ya mabati, misumari iliyobaki milangoni. Kwenye ngazi ya tatu niliona alama ya duara iliyozama kwenye simenti. Nikaandika: kipenyo sentimeta kumi na nne, kina sentimeta moja, asili haijulikani. Kisha nikahoji watu. Nilihoji wanane nikapata majibu tisa, kwa kuwa mmoja alibadili la kwake baada ya kunywa chai. Kila ukoo ulijenga. Kila babu alibeba jiwe la kona, na kwa hesabu yangu jengo lile lingepaswa kuwa na kona ishirini. Nyaraka hazikuwepo, faili pekee lililopatikana lilikuwa la ugawaji wa madawati.

Nikaandika hitimisho: haijathibitika nani alijenga. Lilikuwa hitimisho la kweli. Lazima nikiri pia kwamba lilinifurahisha. Bila mjenzi fomu isingejaa, bila fomu jengo lingeanguka, na bomba lingepanda mpaka mlangoni kwa mama mkwe. Nililisoma mara tatu kuona kama nimedanganya, na sikuona mahali. Nililala vizuri, jambo ambalo sasa nalitilia shaka.

Siku ya kikao wananchi waliitwa kutoa maoni. Kilifanyika ndani ya jengo lenyewe, madawati mabovu yakiwa yamesogezwa ukutani. Nilisimama mbele nikasoma. Nilipofika kwenye maneno "haijathibitika", madiwani wawili wenye mababu waliguna kwa pamoja, mara ya kwanza wakikubaliana. Injinia alifungua ramani yake.

Hapo mtu akazungumza kutoka nyuma.

"Muulizeni huyo anayesoma."

Sikugeuka. Sauti ile niliifahamu kutoka upande wa pili wa kuta nyingi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye dawati la mwisho, uso wake kwa ukuta, kanga kichwani, mgongo kwa baraza zima. Nami kwa haraka nikageukia dirisha. Ikawa baraza linatazama mashahidi wawili, mmoja anazungumza na mawe na mwingine anazungumza na kioski.

"Shikamoo mama," alisema mwenyekiti. "Unaweza kutugeukia?"

"Marahaba. Siwezi. Mkwe wangu amesimama hapo."

Hakuna aliyecheka. Afisa utamaduni peke yake aliinamia jirani yake kuuliza, akaelezwa kwa mnong'ono, akaandika.

"Muulizeni," aliendelea, "kwenye ngazi ameona nini."

"Mwandishi," mwenyekiti aliniambia, "umeulizwa umeona nini kwenye ngazi."

"Ngazi ya tatu ina alama ya duara," nikaliambia dirisha. "Sentimeta kumi na nne. Asili haijulikani."

"Haijulikani kwake. Ni kitako cha mtungi wangu. Nilikuwa sijavunja ungo. Wasichana tulitolewa nyumbani kila siku kubeba maji ya kuchanganyia simenti, kutoka kijito hicho hicho. Nilichoka, nikautua mtungi hapo, simenti ikiwa mbichi. Msimamizi akanichapa fimbo tatu. Mpeni kamba apime. Mtungi wenyewe ninao, nafunikia vifaranga."

"Na wanaume, mama?" aliuliza diwani mfupi, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. "Mababu zetu hawakujenga?"

"Mababu zenu walikuwa chumba cha nyuma. Walikuwa wanatuomba maji kupitia tundu."

Diwani mwenye koti aliuliza, polepole, babu yake aliomba wa ngapi. Mama mkwe akamjibu kwamba wenye kiu hawapangi foleni.

Mwenyekiti alifungua macho. Alimweleza, kwa maneno mazuri, kwamba ushahidi wake una uzito, na kwamba uzito huo ukikubaliwa jengo litabaki na bomba la mtaa wake litasubiri mwamba upasuliwe. Je, anajua hilo?

"Nimelijua tangu mlipoanza kula mihogo. Mimi sijasema msivunje. Vunjeni kama mnataka. Ila huyo asiandike kwamba haijulikani nani alibeba maji."

Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza. Niliona kupitia dirishani kioski, foleni ya ndoo, na meza yangu. Ningeweza kusema alama moja haithibitishi jengo zima, na kwa kanuni za uchunguzi ningekuwa na hoja. Nikasema naomba mtungi uletwe.

Uliletwa, vifaranga wakiwa wametolewa. Nikaupima kitako mbele ya kamati. Sentimeta kumi na nne. Tukauweka kwenye ngazi ya tatu, ukakaa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Azimio lilipita bila kupingwa. Jengo lihifadhiwe. Bomba la mtaa wa juu lizungushwe kwa kupasua mwamba, katika mpango ujao, fedha zitakapopatikana. Kibao kiwekwe ukutani, na baada ya mjadala wa saa nzima kuhusu mababu, maneno yake yakakubaliwa: kwa heshima ya akina mama waliobeba maji. Kesho yake asubuhi, ndoo ya lita kumi kichwani, mama mkwe alipita njia ya mawe kwenda kijitoni. Fundi wa kibao alikuwa anapima ukuta. Alimwamkia kwa heshima sana.

Mke wangu hakunisema. Aliniwekea ugali, akakaa, akasema tu, "Mama anauliza kama uliandika kuhusu fimbo tatu."

"Niliandika."

"Anasema vizuri."

Lilibaki azimio moja dogo la mwisho, lililopitishwa watu wakiwa tayari wamesimama: jengo lipate mwangalizi, asiye na posho, wa kukaa ndani kila asubuhi saa moja hadi saa tatu, kupokea wageni wenye kutaka historia. Wote walinitazama. Kati ya maazimio yote ya kikao kile, ndilo pekee lililotekelezwa. Kibao bado kiko kwa fundi, maana kamati ndogo ya mababu haijamaliza kazi.

Sasa saa moja nafunika meza yangu kwa turubai, naingia jengoni, nakaa chumba cha nyuma, pale ambapo ukuta ni mnene na kioski hakionekani. Wageni wa historia hawajafika. Wateja wenye mizani wanazunguka nyuma na kunipitishia kupitia tundu. Na kwa sababu nimetumwa na baraza, kwa azimio lenye namba, hakuna mtu aliyemfukuza mkwe wake kazini. Mke wangu alilifikisha hilo mtaa wa juu kwa maneno hayo hayo, akisisitiza namba.

Siku nne hakuja. Siku ya tano nilisikia ndoo ikiwekwa chini ya bomba, maji yakigonga plastiki, kisha watu wa foleni wakimwamkia. Alipojaza, nilimsikia akipanda ngazi moja, mbili, tatu, akaitua ndoo na kupumzika. Kati yetu kulikuwa na kuta mbili na dirisha lililo wazi.

"Wewe nyumba," alisema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na nyumba. "Waliandika simenti tu. Mwaka ule mvua zilichelewa. Kijito kilikauka, tukachimba mchangani kwa mikono. Tulikuwa wasichana kumi na wawili."

Nikafungua daftari, nikaandika.

"Mmoja aliumwa na nyoka," iliendelea sauti. "Alipona."

Akanyamaza kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kumaliza mstari, kisha akabeba ndoo yake akapanda nyumbani.