Mstari Uliovuka Leo

Miaka ya hamsini kule Baraka, nikingoja gari la kwenda Fizi, niliketi nyuma ya darasa la bamama, akina mama waliokuja kujifunza, upepo wa ziwa ukiingia dirishani. Mwalimu alichora mstari mrefu ubaoni: kushoto enzi za mababu, mwisho wa kulia akaandika “leo”. Akawaomba waweke alama za mambo waliyoyaona.

Mama mmoja akaweka yake kulia zaidi ya “leo”, penye weusi mtupu wa ubao.

“Mama, pale hakuna kitu bado.”

“Bwana yangu iko Lulimba, anachimba zahabu. Ile ni siku atarudia.”

“Historia ni mambo yalishapita.”

“Basi Mwalimu, mi nitamungojea wapi?”

Mwalimu akaurefusha mstari hadi ukingoni mwa ubao. Bamama wengine wakapanga foleni kuomba chaki. Nami, mgeni tu, nikajikuta nimesimama nyuma yao.