Sup ya group theory niliyoielewa kwenye sanduku la maharage, Maretadu

Wakuu, salaam. Hii imenitokea mwenyewe, anayetafuta chai za kutunga apite uzi wa jirani.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo, nasoma hesabu, nikala sup, yaani mtihani wa marudio, ya abstract algebra. Nikifeli tena ni disco, naondolewa chuo, narudi Maretadu na aibu yangu. Kijiji kizima kilishaanza kuniita mwalimu.

Kilichonishinda ni group theory. Nilikariri kwamba mraba una symmetry nane, yaani namna nane za kuuzungusha au kuupindua ukabaki vilevile, na ukifuatisha zozote mbili unapata mojawapo ya hizo hizo nane. Kwa nini? Sijui. Kasuku mtupu.

Nikaenda nyumbani kujisomea. Siku moja mama akanituma nikachote maharage kwenye sanduku la mbao alilotengeneza baba. Kifuniko ni cha mraba, hakina bawaba. Nimechota, narudishia, kinagoma. Mzee alipima kwa jicho tu, kwa hiyo kinaingia kwa namna moja tu.

Baba akanikuta natoka jasho, na baridi yote ile ya Mbulu.

"Umesoma mpaka chuo, kifuniko kinakushinda?"

Akakishika. "Angalia. Upande huu unaweza kukijaribu mara nne. Ukipindua, nne tena. Hata ukizungusha na kupindua mpaka jioni, ya tisa hupati."

Wakuu, nilikaa chini: zile symmetry nane ndizo hizo!

Nikaandika namba kwenye kona za kifuniko kwa mkaa. Nikazungusha mara moja, kisha nikapindua. Nikaanza upya, nikapindua kwanza ndo nikazungusha. Kona zikaangukia sehemu tofauti! Kumbe mpangilio una maana. Wiki tatu za notes zikaingia pale pale.

Baba akauliza, "Sasa hiyo inasaidia nini?"

"Nikifaulu nitakueleza, baba."

Nilifaulu. Leo nafundisha hesabu. Nawaambia wanafunzi kwamba group theory inachunguza mabadiliko yanayokiacha kitu vilevile, kwamba wakemia wanasomea nayo molekuli, na hata meseji za simu zinafichwa kwa hesabu hizo.

Wote nimewaeleza, isipokuwa baba aliyeniuliza. Kila likizo nilisema nitamweleza tukimaliza kuvuna. Mzee alifariki mwaka juzi. Zile namba za mkaa zinafutika, kila nikienda nyumbani naziandika upya. Inaniuma sana.

Nilichojifunza: jibu unalodaiwa na mzazi usiliweke kiporo.

Wewe nani alikufundisha kitu kikubwa bila hata yeye kujua kitu hicho kinaitwaje? Mwaga hapa. Ila kama bado yupo, mpigie simu kwanza, ndo uje ukomenti.