Programu mpya imekata baraka za harusi

Leo nimeulizwa mbona ukoo mzima ulikataa kumbariki bibi harusi.

Mimi ni editor wa video za harusi hapa Kakuma. Juzi programu yangu ya kuhariri ilijibadilisha bila kuniuliza. Kitufe cha kuhifadhi kazi, wenye programu wamekihamisha. Mahali pake wameweka cha kuondoa kelele. Nilipomaliza kukagua video, kidole kikaenda palepale kilipozoea.

Leo Lodwar, kwa mama ya bibi harusi, tumeiweka kwenye skrini. Familia yote imeketi.

Kwenye skrini, mzee wa ukoo anabariki. Mvua inyeshe. Mbuzi wazae. Kwetu mzee akibariki, watu wote wanaitikia kila neno.

Lakini hapa mzee anasikika peke yake; midomo ya wanaoitikia inafunguka na hakuna sauti. Watu wetu wameitwa kelele.

Mama akanigeukia polepole. "Kwa nini hakuna mtu ameitikia?"

Hebu niambieni, ningemjibu nini?

Nimefungua laptop nirekebishe, programu inaniuliza kama nimependa muonekano mpya. Majibu ni mawili: "Ndiyo" na "Sana".

Nani aliwaomba?

Mliokuwa kwenye hiyo harusi, itikieni hapa chini. Mama anasoma.